Dole Gumba Langu na Ruzuku ya Bustani za Magunia

Ndugu zangu wa Kasulu, na ninyi wageni wetu mliotoka Busunzu tangu alfajiri, mwakeye. Mwenyekiti ameniambia niwaeleze jinsi tulivyopata ruzuku ya halmashauri, kisha akaongeza mbele ya watu, "Na ile sehemu usiyoipenda usiiruke." Basi nitasema yote. Majina sitataja, lakini wenyewe wako humu ndani na wengine wameshaanza kucheka.

Mimi ni mtoto wa hapa. Niliondoka na mfuko wa plastiki, nikauza maji Morogoro, nikafanya vibarua, nikajisomesha mpaka nikapata diploma ya kilimo. Hakuna mjomba aliyenilipia hata daftari. Mwaka 2012 nikarudi, nikajenga, nikatundika cheti sebuleni, mahali ambapo mgeni akikaa kwenye kochi hawezi kukikwepa. Hilo sioni haya kulisema.

Mwaka uliofuata halmashauri ikatangaza ruzuku kwa vikundi vitakavyolima mboga ndani ya mji. Mnajua kiangazi kilivyo hapa. Mboga zinatoka mbali, zikifika sokoni zimenyauka na bei imepanda. Sharti lilikuwa kikundi cha watu wa mtaa mmoja, andiko la mradi, na muhtasari wa kikao wenye saini za wanachama.

Nikajiuliza, kikao cha nini? Majirani hawa nitawafundisha mpaka lini? Nikajifungia ndani siku nzima nikaandika. Andiko lilikuwa zuri, hata leo nalisifu. Kisha nikaandika muhtasari wa kikao ambacho hakikufanyika. Niliweka hata mjumbe aliyeuliza swali, na mimi nikamjibu vizuri sana. Nikaorodhesha majirani, saini nikazibadilisha kwa kalamu tofauti. Wale nisiojua kama wanaandika nikawawekea dole gumba. Dole langu, nikiligeuza huku na huku.

Nikapeleka faili halmashauri, na kwa kinyozi nikatangaza kwamba ruzuku imeshafika. Nikajaza magunia udongo na samadi, nikayapanga mbele ya nyumba, nikasubiri wakaguzi waje kunisifu.

Wakaja. Bibi shamba wa halmashauri, mgeni katika mkoa huu, akasimama penye bomba la mtaa ambako kinamama walikuwa wamepanga foleni ya ndoo. Akafungua faili, akaanza kuita majina. La kwanza, kimya. La pili, mtu akajibu, "Ni mimi. Nimefanya nini?" La tatu lilikuwa la mama mmoja jirani yangu, tunapakana ukuta.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipotenda ubaya bila kujua. Wazazi wa mama huyu walitoka Burundi. Yeye ni Mtanzania kama mimi na karatasi zake anazo. Lakini dada yake aliishi kwenye kambi ya wakimbizi, na kambi ilipofungwa mama alikwenda kumuaga. Aliona majina yakisomwa kwenye karatasi, na kila aliyesomwa akapanda gari la kurudishwa Burundi. Sasa anasikia jina lake kwenye karatasi ya serikali asiyoijua, na anaonyeshwa dole gumba ambalo hakuliweka. Aliziacha ndoo zake pale, moja ikijaa na kumwagika. Kabla ya jioni nyumba ilikuwa na kufuli. Alikwenda na wajukuu kwa mdogo wake, Kagerankanda.

Bibi shamba akanigeukia. "Bwana, hiki kikundi chako kinakujua?"

Akafunga faili. "Mvua za kwanza zikinyesha nitarudi. Nikute watu."

Nikawa kichekesho cha mtaa. Nikipita kwa kinyozi, wanauliza, "Diploma, dole linaendeleaje?" Na magunia yangu, yale ya mfano, mboga za juu zilioza kwa maji na za ubavuni zikakauka kwa kiu. Siku moja nikachungulia juu ya ukuta wa mama. Kwenye magunia yake, ambayo hakuna aliyeyamwagilia wiki nzima, mchicha wa lengalenga bado ulikuwa wima. Katikati ya kila gunia alikuwa amepanga nguzo ya mawe, maji yashuke polepole mpaka chini. Ujuzi ule ulitoka kambini kwa dada yake. Na mimi nilikuwa nimemwandika mwanachama wa kawaida.

Nikapanda bodaboda mpaka Kagerankanda. Nikamkuta na mdogo wake wanapukuchua maharage. Hakuinua uso.

"Umekuja kunisoma tena?"

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Ile karatasi niliiandika mimi, na dole ni langu. Haihusu kuhamisha watu. Ni ya mchicha."

"Ya mchicha."

"Ndiyo, mama."

Akamtazama mdogo wake. "Nimekimbia mchicha." Mdogo wake akacheka mpaka ungo ukapinduka. Mama hakucheka. Akaniambia, "Mwana wanje, mwanangu, si ungegonga mlango tu? Ningekubali."

Nilipitia mengi Morogoro, nimelala na njaa, nimefukuzwa chumba. Hakuna kilichoniinamisha kichwa kama neno lile. Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Nenda kamwambie yule wa faili ulivyoniambia mimi. Ukishamwambia, nitarudi."

Kesho yake nikaenda ofisini nikasema yote. Bibi shamba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema angeweza kunifikisha pabaya. Kisha akapiga mistari miwili kuukata muhtasari wangu mzuri. "Sasa lete watu."

Mama akarudi. Nikagonga mlango wake kwanza, halafu milango ya wengine, nyumba kwa nyumba. Waliokataa walikataa, na waliokubali wakaja uani kwake kujifunza kupanga mawe. Mimi nilibeba maji. Mvua zilipoanza, bibi shamba akatukuta pale pale, mikono ina tope. Mama akabonyeza dole lake kwenye muhtasari mpya, akasema, "Linganisha na lile la zamani."

Bibi shamba akalinganisha. "Hili la zamani ni la nani?"

"La diploma," mama akajibu. Hata mimi nilicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kucheka bila kuangalia nani ananitazama.

Ruzuku ilitoka. Tulipata tangi, mbegu na keni za kumwagilia. Leo kiangazi mtu wa mtaa wetu anachuma mboga mlangoni kwake, na wanaouguza hospitalini wananunua kwetu zikiwa na umande.

Namshukuru bibi shamba, ambaye angeweza kunimaliza. Nawashukuru majirani walionifungulia mlango. Namshukuru mama. Ninyi wa Busunzu, andiko nitawasaidia, na kwa kuandika hapa hamtapata wa kunizidi. Lakini kwanza gongeni milango, na anayekataa muacheni akatae.

Jambo la mwisho. Tulipoanza, kikao kiliamua kwamba kidau cha wino kikae kwa mama, na mimi nisikiguse. Kimekaa kwenye mkoba wake hadi leo. Asubuhi hii, tukija huku, alikuwa amembeba mjukuu na mkoba umemlemea. Akakitoa, akanipa nimbebee. Kiko hapa mfukoni mwangu.

Mama, chukua kidau chako. Wageni wanataka kusaini.