Salome Kunzes, Mpima Theluji wa Korongo la Lungskor

"Salome, uliona nini kwenye hilo shimo lako hata bwana harusi akwame kwangu siku ya nne, na anga jeupe hivi?" Ndivyo jirani yetu Namgail alivyomuuliza marehemu mwezi wa pili mwaka 1998, pombe yake ya shayiri imekwisha na wageni hawajavuka korongo. Marehemu akajibu, "Chembe kama chumvi ya mawe, chini ya theluji ngumu. Hazishikani." Namgail akasema, "Basi zitie kwenye chai, dada, sisi twende zetu." Watu walicheka. Siku ya sita wakavuka, na theluji haikuporomoka mpaka mwezi wa nne. Hatujui hata leo kama aliwaokoa au aliwachelewesha tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 hapa Lungskor, Ladakh, akabatizwa mjini Leh mwezi wa tano, njia ilipofunguka. Alisoma shule ya kanisa huko Leh mpaka darasa la tano, ndipo mama akaugua, naye akarudi kulea wadogo zake. Wa mwisho ni Damaris, anayewasomea wasifu huu.

Alisokota sufu, akachunga mbuzi, akavunja mawe ya barabara. Lakini kazi aliyojulikana nayo hakuna aliyempa. Kila asubuhi ya baridi, kabla mtu hajavuka kwenda kanisani au zahanati, alichimba shimo la kufika kiunoni ukingoni mwa korongo kwa koleo la samadi. Alivua glavu, akapitisha vidole ukutani toka juu hadi chini, kama mtu anayechagua kitambaa. Kisha husema, "Piteni, mmoja mmoja," au, "Rudini mkanywe chai." Upepo aliuogopa kuliko mawingu. Alisema upepo hubeba theluji ya nyuma ya mlima na kuitwika huku, hata siku isiyoanguka theluji.

Tarehe 20 Septemba 1979 alifunga ndoa na Yosef Stobgais, fundi wa majiko. Mungu aliwapa watoto wawili. Tarehe 11 Februari 2009 marehemu alichimba, akapima, akasema piteni. Watu saba walivuka salama. Wa nane alikuwa Yosef, na theluji ikaporomoka naye. Aliyekuwa nyuma yake ni Namgail. Marehemu alituuliza miaka yote, "Nilitia mkono mpaka kwapani, ilikuwa imeshikana. Nilikosea wapi?" Alimuuliza na mchungaji, wakaomba tu pamoja.

Alilificha koleo darini. Siku ya tisa Namgail akabisha hodi na maziwa.

"Dada, leo tupite?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nimuulize nani, mbuzi?"

Akalishusha koleo. Hatukuelewa yeye aliwezaje, wala Namgail aliwezaje.

Kifua kilimwanza Oktoba mwaka jana. Alitibiwa Leh wiki tatu, akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki Jumanne tarehe 13 Februari 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka 66, mkono wake mkononi mwa Damaris.

Wengi mmeuliza kwa nini leo tumesimama hapa nyuma ya zizi, na makaburi yetu yako ng'ambo, na Yosef yuko huko, na nafasi ya ubavuni mwake marehemu aliitunza mwenyewe miaka kumi na mitano. Sisi pia tulitaka kumvusha. Jumatano mwanawe Enok alichimba shimo, akarudi akasema, "Nimeona ngumu, nimeona laini, sijui nimeona nini." Wengine walisema tujaribu, wengine tungoje. Ndipo Damaris akasema alichoambiwa na marehemu Jumapili. Alidhani ni homa, akamuuliza mara ya pili, na jibu lilikuwa lile lile.

Marehemu ameacha watoto wawili, Ruth Chorol na Enok Rigzen, wajukuu watano, wadogo zake watatu, na jirani yake Namgail, aliyeomba ahesabiwe. Bwana aliyempa pumzi na ampe pumziko.

Maneno ya marehemu ya Jumapili yalikuwa haya: "Mwaka huu sijachimba, kwa hiyo korongo silijui. Nizikeni upande huu."