Pikipiki Niliyoipeleka Mnadani Ikarudi

Bwana asifiwe, ninyi mliokaa na ninyi mliosimama mlangoni! Mimi ni Bibi Martha wa Kikwe. Shule niliiacha mapema nikaenda kuchunga mbuzi, kwa hiyo nitasema kama ninavyosema nyumbani. Anayetaka maneno mazuri amsubiri mwinjilisti.

Ndugu zangu, nimekuja kumshuhudia Mungu aliyemwinua mjukuu wangu Elibariki, akanifungua na mimi.

Elibariki nimemlea mwenyewe. Baba yake alikuwa mwanangu. Pikipiki ilimuua barabarani, mtoto akiwa bado anatambaa. Mnaelewa basi nilivyokasirika huyu naye alipokua akaenda Sombetini kuendesha bodaboda. Na hiyo bodaboda haikumtosha! Akaingia kwenye mashindano, yale ya kukimbiza pikipiki kwenye vumbi na kuruka matuta kama swala. Akajinyima mpaka akapata pikipiki yake ya mashindano, ndefu, haina hata taa. Nikamuuliza kitu kisicho na taa kinakwenda kumtafuta nani. Akacheka.

Kisha akaanguka. Aliruka tuta, pikipiki ikamwangukia, mfupa wa paja ukavunjika. Hospitali wakamtia chuma ndani ya mguu, akaja kwangu Kikwe akitembelea magongo. Nikamlisha loshoro ya mahindi na maziwa mgando, nikamkanda lile goti lililogoma kukunjika. Kuna siku alilia kama mtoto, na mimi nikaenda kulia zizini asinione. Pikipiki yenyewe tuliiweka humo humo zizini, kuku wakaifanya pa kulala.

Kila asubuhi niliomba mguu upone. Na nyuma ya ombi hilo kulikuwa na lingine, la kimya: asiipande tena.

Mguu ukapona! Siku alipoacha magongo akatembea mwenyewe mpaka bombani, nikamwambia tumtolee Bwana shukrani, na shukrani yenyewe iwe ile pikipiki. Hakubisha. Kisha akaiosha, akaipangusa mpaka spoki, akaipakia kwenye kigari cha kirikuu. Nilimwona inavyomuuma. Lakini mimi nilikuwa natabasamu ndani ya kanga.

Ndugu zangu, mnaujua mnada wetu baada ya ibada. Mayai, mkungu wa ndizi, jogoo amefungwa miguu. Mzee wa kanisa akainadi pikipiki, bei ikapanda, Baba Furaha muuza maziwa akaichukua. Nikasema moyoni, asante Yesu, imekwenda.

Baba Furaha akaizunguka, akaigusa usukani. Akasema, "Sasa mimi na madumu yangu ya maziwa nitaruka matuta gani? Namrudishia kijana."

Ni kweli huwa tunarudishiana. Ukinunua kuku wa mjane, unampa kuku wake aende naye nyumbani. Lakini pikipiki! Hilo sikulifikiria hata kidogo. Kina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa na maneno ya kumwambia Baba Furaha ambayo hayasemwi kwenye uwanja wa kanisa. Nikamfuata mchungaji, nikamwambia jambo hili si sawa, ile ni sadaka. Akaniuliza, "Bibi, ukishatoa, ni yako au ni ya Mungu?"

Niliondoka nimenuna, na swali likanifuata mpaka nyumbani.

Elibariki akarudi mazoezini. Siku ya mashindano, upande wa Ngaramtoni, nikaenda. Sikumwambia. Nilitaka kuona kwa macho yangu kitu nilichokiogopa miaka yote.

Walivyoondoka, vumbi likaufunika hata mlima. Lilipotulia, mjukuu wangu alikuwa wa mwisho. Kijana mmoja mbele yangu akawaambia wenzake, "Huyo mwenye chuma mguuni kaja kuwachunga wenzake." Nikamwambia, "Anayechunga ndiye anayejua zizi liko wapi. Sogea, unanizibia."

Akaanza kuwapita. Mmoja, mwingine, mwingine tena. Mara kwenye kona yenye tope pikipiki ikateleza, ikamlalia mguu ule ule.

Ndugu zangu, pale niliona jeneza la baba yake. Nikafungua mdomo nimwombe Mungu aimalize hii kazi ya mbio, mtoto aje nyumbani. Maneno hayo hayakutoka. Yakatoka mengine: Bwana, ni wako. Mwinue.

Akainuka! Akaisimamisha, akaipiga teke, ikagoma, akaipiga tena, ikawaka. Na kile kitu kilichonikaba koo tangu nimzike mwanangu kikaniachia, pale pale, nimesimama kwenye vumbi.

Kwenye tuta la mwisho alikuwa amebakiza mtu mmoja. Niliona mguu wake ukitetemeka juu ya kikanyagio. Mwenzake akapunguza mwendo. Yeye hakupunguza. Alimpita kwa tairi la mbele tu, akashinda.

Akaja akichechemea, uso wote tope, akaniona. "Shikamoo, Bibi. Umekuja kunipeleka mnadani?"

Nikamwambia, "Marahaba. Kanawe uso."

Namshukuru Mungu. Namshukuru na Baba Furaha, ambaye sikumsalimia kwa muda mrefu, naye anajua. Na wewe ndugu yangu uliyemletea Mungu kitu, ukaachia kamba lakini mkia bado umeushika, achia. Awe mtoto, iwe ndoa, uwe ugonjwa. Mwamini! Siku za mjukuu wangu mimi sizijui, na bado anapanda ile pikipiki. Lakini sasa nalala usingizi.

Kikombe alichoshinda kile pale mbele, kati ya mayai na ndizi. Amekileta mwenyewe, kitanadiwa leo. Atakayekinunua afanye apendavyo. Akirudishe, akiweke sebuleni, anywee uji. Bibi Martha hatamfuata mchungaji.