Mama Pindo, Fundi Aliyejiachia Mshono

Ndugu, majirani na wateja wetu, wengi wenu mmekuja mmevaa nguo zilizopita mikononi mwake, nasi wanafamilia tunawasomea maisha ya mama yetu, ambaye ninyi mlimjua kama Mama Pindo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1950, mtoto wa tatu wa fundi viatu na muuza maziwa, akasoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1964, kisha akajifunza ushonaji, na mwaka 1972 akafungua chumba chake karibu na stendi, akiwa na cherehani moja, kioo chenye ufa, na mdomo usio na breki.

Tarehe 8 Desemba 1973 alifunga ndoa na fundi redio wa chumba cha pili, aliyeleta suruali ileile kupunguzwa hadi ikakaribia kuwa kaptula, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1975, 1978 na 1986.

Tarehe 6 Agosti 1990, kitinda mimba akiwa na miaka minne, mama alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe uliomtoa damu nyingi, na daktari akamweleza wazi kwamba kidonda kitapona upesi, ila kwa miaka mingi ijayo moyo, presha, sukari na uzito vitataka kuangaliwa, hasa kwa aliyepasuliwa mapema kama yeye. Mama alilishika neno kupona tu, mengine yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Hapo ndipo ufundi ulipomponza, maana mtu mwingine akinenepa nguo humbana akashtuka, lakini yeye kila gauni lililombana alilifumua, akauachia mshono kidogo, likamkaa vizuri, akaendelea kujiona bibi harusi yuleyule wa mwaka 1973, hadi Juni 2001, nesi mmoja alipokuja kupimwa sare, akamwona fundi anahema kwa kuinama tu, akamwambia kwamba leo atakayepimwa ni yeye. Presha ilikuwa juu, sukari nayo haikuwa mbali, na mama, ambaye hatukuwahi kumwona akiogopa kitu, aliogopa sana, kwa kuwa kitinda mimba alikuwa bado shuleni, na alitaka kumwona akijitegemea.

Basi akajishonea gauni lisilo na akiba ya mshono, yaani kitambaa cha ndani cha kuachia, akaapa kwamba halifumuliwi, akameza dawa zake, akaacha soda, akawa anakwenda kazini kwa miguu akimkokota mumewe aliyelalamika njia nzima, na kila mwanamke aliyeingia dukani alihojiwa kuhusu presha, hata aliyefuata vifungo tu. Kitinda mimba alihitimu, akaajiriwa, akaolewa mwaka 2013, na mama akacheza hadi wapiga muziki wakachoka kabla yake, kisha akawalea wajukuu wawili kwa furaha isiyo kifani.

Moyo wake ulianza kuchoka Februari 2024, akalazwa, na asubuhi ya tarehe 2 Mei akatutoka kwa utulivu, akiwa na miaka sabini na minne, baada ya kumkosoa muuguzi wa zamu kwa pindo la sare yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kutufariji, na mafundi wenzake mliofunga kazi leo. Yule nesi wa mwaka 2001, sasa mstaafu, amekaa pale getini na mashine ya presha, kwani mama mwenyewe alimwomba, na hakutaka rambirambi nyingine, kwa hiyo asiondoke mtu, hasa mama zetu mliotolewa kizazi, kabla hajanyoosha mkono akapimwa. Pumzika kwa amani, Mama Pindo, foleni imeshaanza.