Agneta Naswa Oduor na Zile Flati Tatu

Agneta Naswa Oduor, tunayemzika leo Maseno, alizaliwa tarehe 3 Juni 1969 huko Port Victoria, mtoto wa pili wa Mzee Wepukhulu Naswa na Mama Jacinta, wauza samaki. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1987, akajifunza ushonaji Kisumu, na kwa miaka ishirini na minane alishona sare za shule katika soko la Kibuye. Aliolewa na Bwana Gordon Oduor tarehe 18 Desemba 1993. Waliishi Migosi, wakamzaa Debra.

Sauti yake ilikuwa alto. Kwaya yake ya kanisa iliimba kwa do-re-mi zilizoandikwa kwa herufi. Noti za mistari mitano hakuna aliyezisoma vizuri. Mwaka wa 2014 Agneta alianza kwenda Maseno kila Jumamosi kujifunza. Debra alipouliza zile alama zilizorundikana mwanzo wa mstari ni za nini, mama yake alimwonyesha karatasi ya vipimo vya mteja.

"Ni kama hivi. Usipovisoma kwanza, utashona shati zuri la mtu mwingine."

Mwaka wa 2016 kwaya ilipata wimbo wa mashindano ulioandikwa kwa noti pekee. Mwalimu wa kwaya, Bwana Oyugi, aliufundisha kana kwamba do ni C siku zote. Wimbo ukaishia kwenye mi badala ya do, ukabaki unaning'inia.

"Mwalimu, hapo mwanzo kuna flati tatu, alama za kushusha noti," Agneta alisema. "Flati ya mwisho ndiyo fa. Hesabu kushuka, utaikuta do kwenye E-flati."

"Nyar Port," Oyugi alimjibu, yaani binti wa Port, "flati ni za kinanda. Sisi tuna midomo. Wewe rudi kwa cherehani."

Kwaya ilicheka. Agneta aliketi, akaimba alivyofundishwa. Tarehe 16 Julai jaji aliandika kwamba kwaya haikujua do ilipo. Wiki moja baadaye kamati ya kwaya iliamua kwamba Agneta ndiye aliyemnong'oneza jaji, ikamsimamisha mpaka aombe radhi.

"Niombe radhi kwa kusoma?" aliuliza.

Hakuomba, akabaki nje ya kwaya.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka wa 2022, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mara tatu aliiandikia kamati akiomba arudishiwe kiti chake katika safu ya alto, basi. Barua ya mwisho ni ya Januari mwaka huu wa 2025. Alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Machi, kwaya ikiwa kanisani.

Kamati ilileta maneno ya kuchapishwa katika ratiba hii: "mwanakwaya mwaminifu hadi mwisho". Ikaomba pia kwaya iimbe kaburini. Familia imekataa yote mawili. Mwaminifu alikuwa, mwanakwaya alikatazwa kuwa, kwa miaka minane na miezi saba. Bwana Oyugi na wenzake wamekaribishwa kuomboleza kama majirani wengine, wakiwa kimya.

Ameacha mumewe, Gordon. Binti yake, Debra. Na mama yake, Jacinta, mwenye umri wa miaka themanini na minane.

Mungu ampe pumziko ambalo hakuna kamati inayoweza kulisimamisha.