Ma Adventina, Aliyeyasemea Maduka ya Muleba

Wasikilizaji wapendwa, mliopo jikoni mkimenya ndizi, na mliopo barazani mkisubiri ukungu wa ziwa uondoke, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka Ma Adventina Rutashobya, mfanyabiashara wa Muleba, aliyetutoka wiki iliyopita. Huyu ndiye mama aliyesimama mbele ya wakubwa akayasemea maduka. Narudia: aliyasemea maduka, enzi za ujamaa, wakati mwenye duka akiitwa kupe.

Uhuru ulimkuta akiwa bibi harusi mpya. Alicheza ngoma mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka, na hakuinama kukiokota. Mumewe alifariki mapema, akamwachia duka kando ya barabara na kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, nyuma yake. Ma Adventina alikuwa mwanachama wa TANU. Aliuamini ujamaa kwa moyo wake wote.

Kisha ukafika mwaka 1976. Maduka ya watu binafsi yakaamriwa kufungwa, maduka ya vijiji yachukue nafasi. Mwenyekiti wa kijiji chao alikuwa Datius, mdogo wa marehemu mumewe. Alikuja mwenyewe kufunga, macho yakiangalia chini.

"Funga, shemeji," Ma Adventina alimwambia. "Lakini watu wataoga na nini?"

"Duka la kijiji litaleta sabuni."

"Litaleta lini?"

Datius akatoa kufuli mfukoni. Akafunga, akaondoka.

Duka la kijiji likajengwa, ila rafu zikabaki tupu. Chumvi ilikuja ikaisha, ikakawia kurudi. Binti yake, Klaudia, anayeishi Rwamishenye, anatusimulia: "Mama alikuwa akiingia dukani kwa mlango wa ndani, anakaa peke yake. Mwanga ulipenya kwenye nyufa za mbao, vumbi likielea taratibu. Harufu ya sabuni ilikuwa bado imo, sabuni yenyewe haimo. Nje, nyayo za watu zilisimama barazani kwa mazoea, halafu zikaenda zake. Alisema ilikuwa kama kuota ukiwa macho."

Asubuhi moja, katika ndoto ile ya macho, akasikia sauti ya jirani yake Felicitas akimbembeleza mtoto: "Nyamaza, mwanangu. Leo nayo tutakula hivyo hivyo, bila chumvi." Ma Adventina akainuka. Hakuweza kukaa tena.

Elieza, mwenye duka mwenzake wa Izimbya, alikuwa na ushauri wake. "Mpaka hauko mbali, dada. Tupitishe mali kimyakimya."

"Nikipitisha kimyakimya nitauza mimi peke yangu," akajibu. "Lakini amri itabaki pale pale. Mimi nataka tukaseme."

Akatembea kijiji hadi kijiji akiwakusanya wenye maduka. Wengine walimfungia mlango kwa woga. Datius alipopata habari, alimjia juu: "Utanitia aibu, shemeji!" Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Siku ya mkutano wa chama Bukoba, ulioita pia wenyeviti wa vijiji, yeye na waliokubali walipanda lori la kahawa, wakakaa juu ya magunia. Ukungu ulikuwa umefunika barabara, migomba ikielea bila mashina. Alimwambia Klaudia baadaye kwamba alihisi wanakwenda mji usiokuwepo.

Ukumbini akaomba nafasi. "Hatupingi duka la kijiji," alisema. "Tunaomba sera ibadilishwe, tufungue pembeni yake, mpaka lisimame lenyewe."

Ofisa mmoja akamkatiza: "Mama, wewe ni mwanachama au bepari?"

"Mwanachama, ndugu. Ndiyo maana nimekuja kusema kwenu. Sikubaki kunung'unika kisimani."

Watu wakacheka. Ofisa hakucheka. "Wenyeviti wote wameripoti kwamba bidhaa zipo vijijini. Nani atasema hazipo?"

Ukumbi ukanyamaza. Ma Adventina akatazama mbele. Hakugeuka kumtafuta mtu. Ndipo kiti kikakwaruza nyuma, na Datius akasimama.

"Mimi ndiye niliyeripoti zipo," alisema. "Hazipo. Duka la shemeji yangu nililifunga kwa mkono wangu, na nyumbani kwangu tunakula bila chumvi."

Wasikilizaji wapendwa, siku ile halikuamuliwa lolote. Datius akavuliwa uenyekiti. Lakini haukupita muda mrefu, serikali yenyewe ikalegeza amri, maduka yakafunguliwa. Hatusemi ni kwa ajili ya mama mmoja wa Muleba. Tunasema alikuwa miongoni mwa waliosema.

Ma Adventina alifariki nyumbani kwake, kahawa ikiwa imechanua, kibanja kizima cheupe na kinanukia. Mazishini, Mzee Datius aliegemea mkongojo wake akasema: "Waliponivua cheo niliona aibu kupita njiani. Shemeji akaniita dukani, akanipa kiti nyuma ya kaunta. Akasema, 'Kaa, tuuze.' Tukauza pamoja miaka yote hiyo. Kasinge waitu, shemeji. Asante."

Tunampa pole Klaudia na ndugu zake, Mzee Datius, na ukoo wote wa Rutashobya. Mungu awatie nguvu.

Nasi tuliobaki tutafakari. Kijijini kwako kuna mkutano unakuja. Mtaulizwa kama mambo ni shwari. Ikiwa si shwari, na ukumbi mzima umenyamaza, je, kiti chako kitasikika?