Mwalimu Étienne Byaombe Lusambya, Aliyetuandikia Barua (1951–2025)

Kwa wachungaji wetu, kwa majirani wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na kwa ninyi mliopanda minibasi alfajiri kutoka Lilongwe ili msimame nasi kwenye jua hili: familia ya Lusambya inawashukuru. Inaomba muivumilie kidogo, iwasimulie maisha ya baba yao.

Mwalimu Étienne alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Lweba, eneo la Fizi, Kivu Kusini, mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Lusambya na mama Rebeka, wakulima wa muhogo. Alijua kusoma mapema kuliko wenzake. Akiwa na miaka tisa, majirani ambao watoto wao walifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Kiliba walimletea barua awasomee. Alitusimulia kwamba barua yenye habari mbaya aliisoma kwanza yote kimya, kisha akamwomba mwenyewe akae chini.

Alisoma shule ya misheni ya Nundu, halafu Uvira, alikopata diploma ya ualimu mwaka 1972. Huko mwalimu mmoja alimpa sifuri ya imla kwa kusahau alama moja juu ya herufi, na funzo hilo halikumtoka. Hata hapa Malawi, kila karani alipoandika jina lake bila alama juu ya E, alitoa kalamu yake mwenyewe mfukoni, akasema “zikomo”, yaani asante, akaiongeza.

Kuanzia 1973 alifundisha Kifaransa mjini Baraka kwa miaka ishirini na mitano. Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa Uvira na Lucie Nabindu, mshonaji kutoka Sange. Kabla ya hapo alikuwa amemwandikia kurasa nne za Kifaransa. Mama Lucie, ambaye Kifaransa chake kilikuwa kidogo, alimrudishia neno kupitia kwa shangazi: “Mwambie akuje mwenyewe aseme.” Alienda. Mungu aliwapa watoto watano.

Vita vya 1998 vilimwondoa darasani chaki ikiwa bado mezani. Familia ilivuka ziwa hadi Kigoma na kuishi kambini Tanzania miaka sita. Huko, mwaka 2001, malaria ilimchukua Jules, kifungua mimba wao. Mwalimu aliendelea kumwita mke wake Mama Jules mpaka mwisho. Tarehe 9 Juni 2004 walifika Dzaleka, na hapo akakuta kwamba ofisi zote zinaandikiwa kwa Kiingereza, lugha asiyoijua. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Akaenda kukaa kwenye benchi la darasa la watu wazima pamoja na vijana wa umri wa wanawe. Kwenye soko la Mchesi, Lilongwe, alinunua kitabu kikuukuu kisicho na jalada, chenye mifano ya barua za Kiingereza za zamani, akakisoma mpaka kurasa zikalegea. Baada ya miaka miwili, watu walianza kupanga foleni mbele ya nyumba yake kila Jumanne na Alhamisi ili awaandikie.

Katika kitabu hicho alikutana na kitenzi *beseech*. Alikipenda papo hapo kwa uzito wake, akakitia katika kila barua: ya blanketi, ya bomba lililoharibika, ya mtoto kuhamishwa shule. Mwaka 2009 aliandika kwa niaba ya mtaa mzima kwamba wakazi “wana-*beseech* sabuni”. Barua ilifika ofisi moja ya misaada City Centre, Lilongwe, kwa karani wa mapokezi, Bi Tadala Nyangulu. Siku Mwalimu alipofika kuulizia majibu, Bi Tadala alimkaribisha kiti na kumwambia kwa Kiingereza cha polepole:

“Mwalimu, neno hili siku hizi hatuliandiki. Vijana wa ofisini wanalicheka. Na hata zamani halikuandikwa hivi. Maana yake ni kusihi, na unamsihi mtu. Sabuni haisihiwi.”

Mwalimu aliona aibu, lakini hakuinuka. “Basi liko kwa ajili ya nini?”

“Ukitaka kalamu yangu, niombe tu. Siku mtoto wako yuko majini na mimi nimeshika kamba, siku hiyo nisihi.”

Alirudi nyumbani akamwambia Mama Lucie, “Mama Jules, leo nimeaibika, lakini nimefundishwa bure.” Tangu siku hiyo barua za sabuni na blanketi zilikuwa za kuomba tu, kwa kitenzi cha kawaida. Wateja walilalamika. “Mwalimu, mutie ile neno ya nguvu,” walimwambia. Yeye alijibu, “Ile haitoke leo,” akaendelea kuandika.

Mwaka 2012 binti yake Espérance, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, alimaliza sekondari na kuomba nafasi ya kufadhiliwa chuo cha uuguzi Lilongwe. Nafasi zilikuwa chache sana.

“Papa, mi niko mtoto yako,” alimwambia. “Weka *beseech*.”

“We unaomba masomo, binti yangu. Bakikatala, utaomba tena mwaka kesho.”

Walikataa. Kwa wiki tatu Espérance alimwekea baba yake nsima, ugali wa huku, mezani bila kumsemesha. Kila mara Mwalimu alisema asante, akala, akaosha sahani yake mwenyewe.

Februari 2013 alikuja Mukamusoni, mjane kutoka Rwanda, na binti yake Izere wa miaka tisa, aliyekuwa na tundu kwenye moyo. Madaktari walikuwa wamesema mtoto apelekwe nje kufanyiwa upasuaji, kisha kukawa kimya. Mwalimu aliandika barua ya kuomba. Haikujibiwa. Mwezi Mei Mukamusoni alirudi akiwa amembeba Izere mgongoni kama mtoto mchanga, midomo ya msichana imekuwa ya bluu. Alisema maneno machache: “Mwalimu, hatembei tena.”

Mwalimu alichukua karatasi safi. Aliandika mistari tisa tu, na katika mstari wa kwanza alimsihi mkuu wa ofisi aisome barua hiyo hadi mwisho kabla ya kuiweka chini. Espérance alikuwa akifagia karibu. Aliona neno.

“Papa, ni ile?”

“Njo ile. Peleka we mwenyewe. Mi magoti inaniuma.”

Espérance alipanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabarani, akapata minibasi, akafika City Centre kabla ya saa sita. Bi Tadala aliifungua barua, akaisoma.

“Baba yako aliliandika lini neno hili mara ya mwisho?”

“Ni miaka minne hajaliandika,” Espérance alijibu. “Hata mimi alininyima.”

Bi Tadala hakuiweka kwenye trei pamoja na nyingine. Aliinuka, akaenda nayo mwenyewe hadi kwa mkuu wake. Jioni ile ikajulikana kwamba jalada la Izere lilikuwa limefungwa kwa sababu ya miadi ambayo mama yake hakuwahi kuarifiwa. Likafunguliwa. Mwezi Agosti mtoto alisafirishwa, akapasuliwa, akarudi akikimbia. Leo ana miaka ishirini na mmoja, na yuko hapa pamoja nasi, kwenye kwaya. Bi Tadala naye amekuja. Ametuomba tuseme kwamba barua ile angeisoma kwa vyovyote. Neno lilimfanya tu asingoje kesho.

Siku habari za upasuaji zilipofika, Espérance alikwenda kukaa karibu na baba yake. “Papa, nimeelewa.”

“Mi sikuwa na hakika,” mzee akasema. “Mwaka ule, kama ungeniomba mara moja tena, ningeliandika. Nilikuwa nasali usiniombe.”

Espérance hakupata chuo. Alijifunza kushona kwa mama yake, akafungua chumba cha cherehani mtaa wa Area 36, Lilongwe, na tangu wakimbizi waliporudishwa kambini mwaka 2023 anashona hapa Dzaleka. Ameomba alisome jambo hili yeye mwenyewe, kwa sababu hana kinyongo, na hataki mtu amuwazie baba yake kuwa alikuwa mgumu.

Mwaka 2021 Mwalimu aligunduliwa kuwa na kisukari. Mama Lucie aliacha sukari kwenye chai siku ileile ili asinywe peke yake. Mwaka huu figo zilichoka. Tunawashukuru wauguzi wa kituo cha afya cha Dzaleka na wa hospitali kuu ya Lilongwe, waliomwita Mwalimu kama tunavyomwita sisi, na majirani waliopokezana kumsindikiza kila wiki. Alifariki nyumbani kwake Ijumaa tarehe 10 Oktoba 2025, saa mbili asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mke wake. Alikuwa na miaka sabini na minne. Neno lake la mwisho tulilolisikia wazi lilikuwa kumuuliza Mama Lucie kama amekunywa chai.

Ameacha mjane, Mama Lucie Nabindu, watoto wanne, Espérance, Adolphe, Bora na Arlène, wajukuu tisa, na mdogo wake Narcisse, aliye Uvira. Narcisse hakupata njia ya kufika. Yuko kwenye simu aliyoishika Adolphe pale mbele, na amesema hataikata mpaka udongo uishe kuwekwa. Hawakuonana tena tangu 1998, yeye na kaka yake. Kwa hiyo tunawaomba, tukianza wimbo, tuimbe kwa sauti, na walio nyuma wasogee karibu ili naye asikie.

Mungu ampokee Mwalimu wetu na kumpa pumziko jema.