Papa Basile Kaomba na Lugha ya Watu Wawili

Ndugu na majirani, mimi ni Siméon, mdogo wake marehemu. Nitasoma polepole, maana kaka hakupenda msomaji mwenye haraka.

Papa Basile Kaomba alizaliwa Moba tarehe 14 Machi 1954, mtoto wa kwanza wa Papa Germain na Mama Jeannette, wakulima na wavuvi. Alisoma shule ya msingi kwa mapadri hukohuko Moba, kisha akaja Kalemie kusomea ualimu, akapata diploma mwaka 1975.

Alifundisha Kabimba, halafu Kalemie, hadi alipostaafu mwaka 2016. Waliopita mikononi mwake wanaujua mtindo wake: alianza sentensi, akanyamaza, na darasa zima likamalizia neno la mwisho. Hata nyumbani alituachia maneno nusunusu, tukachoka naye.

Tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na Mama Rosine. Kwa ajili yake alitunga lugha nzima, ambayo majirani waliiita Kibasile. Ilikuwa na sheria zake, tena kali. Kitenzi kilikaa mwisho wa sentensi, na msemaji hakuruhusiwa kukitamka. Alimwachia msikilizaji, ili ijulikane kama ameelewa. Alama ya kuuliza iliandikwa mwanzoni, mtu asishtukizwe. Nukta iliwekwa na msomaji. Kaka alimwachia mkewe kikaratasi mezani, na akirudi akakikuta na nukta, alijua kimesomwa.

Watu walidhani ni uchawi, wakawapeleka mume na mke kwa shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu. Kaka akamfafanulia shefu sheria za alama ya mkato, moja baada ya nyingine, hadi shefu mwenyewe akamsihi arudi nyumbani. Sisi tulicheka. Lakini watoto walisemwa vibaya shuleni, na Claire, mkubwa wao, akawaomba wazazi wasiongee tena Kibasile mbele ya watu. Walikubali. Lugha ikabaki ndani ya nyumba, na hakuna mtoto aliyefundishwa. Jambo hilo lilimuuma kaka.

Januari 2025 presha ilimwangusha. Alipooza upande wa kulia, na ulimi ukawa mzito. Kila asubuhi Mama Rosine alimwinamia kitandani hospitalini, akamwambia, “Noka tupe,” yaani, nyumbani pamoja, kisha akangoja amalizie: sulame, tutarudi. Kaka alimtazama tu, machozi yakimtoka. Siku moja Claire, aliyekuwa akikunja shuka, akajibu taratibu, “Sulame.” Kumbe tangu utoto alikuwa akiwasikia na kuelewa. Mama Rosine hakugeuka.

“Hapana weye njo niliuliza, mama,” akamwambia bintiye. “Niliuliza baba yako.”

Claire akatoka nje kulia.

Papa Basile alifariki tarehe 3 Februari, bila kulitoa neno lile. Inatuuma, na hatutaficha.

Ameacha mjane, Mama Rosine, watoto watatu, Claire, Damien na Élysée, wajukuu saba, na mimi mdogo wake.

Jana mwili ulipoletwa nyumbani, Mama Rosine alimwinamia mumewe, akasema, “Noka tupe.” Akangoja kama alivyozoea. Halafu akaushika mkono wa Claire.

“Sasa weye njo utajibia, mama.”

Claire akajibu mbele ya watu wote.

Pumzika, kaka. Mungu akupe amani yake.